Shotistopu au besi ya kwanza: tusilinganishe walinzi wa ndani kwa macho tu

Ukifungua jedwali la takwimu za beisiboli ukakuta mlinzi wa besi ya kwanza (kituo cha kwanza ambacho mpigaji hukikimbilia) ana +8 kwenye ulinzi na shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) ana 0, usikimbilie kusema huyo wa kwanza ndiye mlinzi bora. Alama hizo humpima kila mchezaji dhidi ya wenzake wa nafasi ileile. Mwenye +8 amewapita walinzi wengine wa besi ya kwanza, na wengi wao waliwekwa pale kwa kuwa wana gongo zito na miguu mizito. Mwenye 0 ni wa wastani miongoni mwa watu wepesi kuliko wote uwanjani. Vijana ninaowanoa hapa Kisumu huniletea picha za majedwali haya kwenye simu karibu kila wiki msimu wa Marekani ukianza, na ubishi wao mara nyingi huanzia hapo.

Ndiyo maana watu wa takwimu huongeza au kupunguza mikimbio (alama ambazo timu hupata mchezaji anapozunguka besi zote) kulingana na nafasi. Tovuti ya takwimu ya FanGraphs humpa shotistopu +7.5 kwa msimu mzima wa mechi 162, besi ya pili na ya tatu +2.5 kila moja, na besi ya kwanza huikata 12.5. Wenzao wa tovuti ya Baseball-Reference wana viwango vyao, tofauti kidogo lakini mpangilio ni uleule. Sasa chukua wapigaji wawili, kila mmoja amezidi wastani kwa mikimbio 20 akiwa na gongo, na ulinzi wao ni wa kawaida kwa nafasi zao. Wa besi ya kwanza anabaki na 7.5. Shotistopu anafika 27.5. Kwa hesabu ya kawaida kwamba mikimbio 10 ni sawa na ushindi mmoja, pengo hilo ni ushindi wa mechi mbili, na hakuna aliyepiga mpira hata mmoja zaidi ya mwenzake.

Ozzie Smith anaeleweka ukimtazama hivyo. Alicheza misimu 19, kuanzia 1978 hadi 1996, akapiga homurani (mipira inayopigwa hadi nje ya uwanja) 28 tu. Kuna wapigaji wa besi ya kwanza wanaozifikisha kabla ya Agosti. Lakini alitwaa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, mara 13 akiwa shotistopu, na mwaka 2002 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa beisiboli. Ernie Banks yeye ni mfano wa upande wa pili: mwaka 1958 na 1959 alikuwa mchezaji bora wa National League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, akiwa shotistopu mwenye nguvu za ajabu, kuanzia 1962 akawa mtu wa besi ya kwanza, na huko gongo lilelile halikuwa ajabu tena.

Viwango hivi vilipatikanaje? Njia iliyotumika sana, ambayo mchambuzi wa takwimu Tom Tango aliifanyia kazi kubwa, ni kuwatazama wachezaji waliocheza nafasi zaidi ya moja na kupima ulinzi wao ulipanda au kushuka kiasi gani walipohama. Ni njia nzuri, lakini ina tundu. Kocha hamhamishi mtu ovyo. Humhamisha anayeamini ataweza. Na anayerusha kwa mkono wa kushoto hutamkuta shotistopu, besi ya pili wala ya tatu, kwa hiyo hayumo kabisa kwenye ulinganisho huo ila kwa besi ya kwanza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaozichukua namba hizi kama sheria. Besi ya pili na ya tatu kupewa +2.5 sawasawa hakumaanishi kazi ni moja. Wa besi ya tatu husubiri mpira mkali unaomfikia kwa chini ya sekunde moja, kisha arushe karibu mita 39 hadi besi ya kwanza. Wa besi ya pili ana mrusho mfupi, ila anatakiwa kufika mbali, na kwenye auti mbili kwa mpigo (kuwatoa wapinzani wawili kwa mpira mmoja) hugeuka huku mkimbiaji akimjia miguuni. Mwaka 2015 shotistopu Ruben Tejada, akiwa kwenye besi ya pili, alivunjwa mguu hivyo na mkimbiaji Chase Utley kwenye mechi za mchujo, na msimu uliofuata sheria ya kuteleza ikabadilishwa. Kisha 2023 ikaja sheria ya walinzi wawili kila upande wa besi ya pili, miguu yote ikiwa ndani ya udongo. Kabla ya hapo wa besi ya pili aliweza kujisogeza hadi kwenye nyasi za kulia na kusubiri mpira. Sasa lazima aukimbilie. Kwangu mimi, wepesi wa besi ya pili umepanda bei tangu hapo.

Na bei hubadilika kweli. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wapigaji walipopenda kuugusa mpira taratibu ufe karibu na nyumbani (anaposimama mpigaji), besi ya tatu ilikuwa nafasi ya ulinzi kuliko ya pili. Mwandishi wa takwimu za beisiboli Bill James ameonyesha kwamba mambo yaligeuka kuelekea miaka ya 1930. Siku hizi straikauti (mpigaji kutolewa bila kuupiga mpira uwanjani) zimejaa: mwaka 1980 wapigaji wa timu moja walitolewa hivyo karibu mara 5 kwa mechi, mwaka 2019 zaidi ya 8. Mpira usiopigwa hauhitaji shotistopu. Kwa hiyo pengo la mikimbio 20 kati ya shotistopu na besi ya kwanza linastahili kupimwa upya, tena upya, badala ya kunakiliwa mwaka hadi mwaka.

Sasa njoo kwenye udongo mweusi wa Kano, nyanda zilizo karibu na Kisumu. Kiangazi unapasuka, mpira wa chini unaruka kama chura, na shotistopu aliyeudaka kwa shida anarusha akiwa hajasimama vizuri. Mrusho unafika magotini, au futi tatu kulia kwa besi. Asiyejua kunyoosha mguu na kuuchota mpira ule kwa glavu anatoa besi mbili za bure. Kwenye ligi kubwa ya Marekani mrusho wa aina hiyo ni wa nadra, ndiyo maana besi ya kwanza ni rahisi. Kwetu unatokea iningi (kipindi cha mchezo) baada ya iningi. Ndiyo sababu kwenye jedwali langu la timu nimeiondoa ile -12.5 na kuiweka besi ya kwanza sawa na ya tatu, na msichana mwenye mikono bora kuliko wote tulionao anasimama pale, ingawa hapigi mpira mbali.

Kocha mwenzangu wa Nakuru anasema huo ni upotevu wa mikono mizuri. Uwanja wao una nyasi zilizokatwa vizuri, mpira unateleza sawasawa, na anamweka pale jitu lake la gongo bila wasiwasi. Kwa uwanja wake, simpingi.