Épagneul breton: mbwa mdogo wa Bretagne aliyeumbwa kwa kazi ya porini

Anayemwona épagneul breton kwa mara ya kwanza huvutiwa na umbo lake dogo, manyoya yake meupe yenye mabaka ya rangi ya chungwa, na kikia chake kifupi kisichotulia, kisha hudhani kwamba huyu ni mbwa wa kukaa sebuleni na kupakatwa na watoto. Dhana hiyo humponza mbwa na mwenyewe pia, kwa sababu mbwa huyu alizalishwa vizazi kwa vizazi ili akimbie kutwa nzima kwenye vichaka vya miiba, na mwili wake bado unaidai kazi hiyo.

Kwao ni Bretagne, rasi ya kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, nchi ya mvua, mashamba madogo yaliyozungushiwa matuta, na vichaka vilivyoshikamana. Hadi mwaka 1789 haki ya kuwinda nchini Ufaransa ilikuwa mali ya makabaila, ambao waliweza kufuga kundi la mbwa, kila mmoja na kazi yake. Mapinduzi ya mwaka huo yalipoifuta haki hiyo ya kibaguzi, mkulima naye alianza kuwinda kwa uwazi. Lakini mkulima alimudu kulisha mbwa mmoja tu, na mbwa huyo ilimpasa kutafuta ndege, kumwonyesha, na kumleta mkononi baada ya kupigwa. Kwa maoni yangu, tabia nyingi za épagneul breton wa leo zinaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka umaskini huo wa mwenye mbwa wa kwanza.

Katikati ya karne ya 19, kasisi Mwingereza aitwaye Davies aliwinda karibu na Carhaix, mji wa Bretagne, na kueleza habari za mbwa wadogo wenye mikia mifupi, waliofanya kazi vizuri vichakani. Waingereza wengi walivuka bahari kufuata bécasse, ndege wa msituni mwenye mdomo mrefu ambaye huhamia Bretagne wakati wa baridi, na mbwa wao wakapandana na mbwa wa wenyeji. Mwaka 1907 wafugaji walianzisha chama chao, na kanuni ya umbo la mbwa huyu ikapitishwa katika mji wa Loudéac, Bretagne, mwaka 1908. Marekani ilimtambua rasmi mwaka 1934, na mwaka 1982 chama kikuu cha mbwa cha huko kiliondoa neno “spanieli” katika jina lake. Walifanya vyema, kwa kuwa spanieli huwakurupusha ndege, ilhali huyu ni miongoni mwa mbwa ambao Wafaransa huwaita chien d’arrêt, yaani mbwa wa kusimama: akishapata harufu ya ndege aliyejificha hukakamaa ghafla, pua ikielekea alipo ndege, pengine mguu mmoja wa mbele ukiwa umenyanyuliwa, na hubaki hivyo mpaka mwindaji afike.

Kwa kanuni ya Kifaransa, dume ana kimo cha sentimita 48 hadi 51 mabegani na jike 47 hadi 50. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 14 hadi 18. Rangi nyeupe huchanganyika na chungwa, kahawia au nyeusi, ingawa chama kikuu cha mbwa cha Marekani hakiikubali nyeusi.

Mkia unahitaji maelezo marefu kidogo. Wapo watoto wanaozaliwa na mkia mfupi, wengine bila mkia kabisa, na wengine na mkia mrefu, hata ndani ya uzao mmoja. Chanzo cha ufupi huo ni badiliko katika jeni moja, na nakala moja tu, kutoka kwa baba au kwa mama, yatosha kuufupisha mkia. Mtoto akirithi nakala mbili hufa akiwa bado tumboni. Ndiyo maana wazazi wawili wenye mikia mifupi ya asili wanapopandishwa, takriban robo ya mimba hutarajiwa kupotea, na uzao huwa mdogo. Wafugaji wengine huikata mikia mirefu ya watoto wachanga. Uswidi na Norwei zimepiga marufuku jambo hilo, na mimi kama daktari wa mifugo sioni sababu ya kiafya ya kumkata mkia mbwa wa nyumbani.

Anayetaka kumfuga, hasa msomaji anayeishi Ulaya au Marekani ambako mbwa huyu hupatikana kwa urahisi, ajiulize kwanza kama ana walau saa nzima kila siku ya kumwachia akimbie mahali pa wazi na salama. Asipopata nafasi hiyo hubweka, huchimba na kutafunatafuna vitu. Ni mbwa mpole na msikivu mno, na ukali humvunja moyo: aliyepigwa huweza kuogopa hata mlio wa bunduki. Samaki hukunjwa angali mbichi, basi mafunzo yaanze mapema, kwa sauti tulivu na zawadi ndogo za chakula.

Kabla ya kununua mtoto, omba kuona picha za eksirei za nyonga za wazazi wake, kwani ulemavu wa nyonga ni wa kurithi, na uliza kama kuna kifafa katika ukoo. Chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, ni kama kwa mbwa yeyote. Chakula kipimwe kulingana na kazi: msimu wa kuwinda huhitaji zaidi, na msimu wa mapumziko kipunguzwe, ili mbavu ziendelee kuhisika chini ya kiganja. Manyoya yachanwe mara moja au mbili kwa wiki.

Masikio yake yaliyolala hayapitishi hewa vizuri, hivyo unyevu hujikusanya na kuleta uambukizi. Kila arudipo kutoka porini yakaushwe na kukaguliwa, kisha utafute kupe shingoni na kwapani, na mbegu za nyasi zenye ncha katikati ya vidole. Mbegu hizo hupenya ngozi na kusafiri ndani ya nyama, kwa hiyo mbwa anayetikisa kichwa mfululizo au kulamba unyayo mmoja bila kuacha apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.