Yai la mnyoo na ganda lisilotobolewa na jiki

Mtoto alipewa dawa ya minyoo shuleni miezi minne iliyopita. Mbona leo ametoa mnyoo mwingine?

Dawa ilifanya kazi yake. Kidonge cha albendazoli cha miligramu 400 huwashughulikia minyoo walioko tumboni siku hiyo. Mayai yaliyoko kwenye bustani ya mchicha au nyuma ya choo hayakumeza kidonge. Huyo aliyetoka bila shaka ni askarisi, yule mrefu anayefanana na nyungunyungu aliyepauka. Jike lake hufikia sentimita 20 hadi 35 na huweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Tangu yai limezwe mpaka jike aanze kutaga ni miezi 2 hadi 3, kwa hiyo inawezekana kabisa mtoto alimeza mayai mapya baada ya dawa.

Yai lenyewe likoje?

Kwa macho hulioni. Yapange kama 16 kwa mstari ndiyo yafikie milimita moja. Kwenye hadubini ni la hudhurungi, na uso wake una vinundu kama topetope. Rangi hiyo si yake. Likiwa bado ndani ya mnyoo halina rangi. Huitwaa kutoka kwenye nyongo yetu, likipita utumboni.

Ganda linajengwaje?

Hapa ndipo penye ufundi. Ganda la yai la kuku hutengenezwa na mwili wa kuku, lakini yai la askarisi hujijengea sehemu kubwa ya ganda lake lenyewe, na kazi huanza mbegu ya dume ikishaingia. Kwanza utando wake wa juu hujitenga na kubaki kama ngozi nyembamba. Chini ya ngozi hiyo yai hutoa kitini, kitu kilekile kinacholifanya gamba la kamba na kaa kuwa gumu, kikiwa kimechanganyika na protini. Hilo ndilo tabaka nene linalozuia yai lisipasuke. Halafu, ndani kabisa, hujiweka tabaka la mafuta ya aina yake yaitwayo askarosidi. Yai likiteremka kwenye mji wa mimba wa mnyoo, kuta za mji huo hulipaka tabaka la nne kwa nje: protini inayonata, yenye vile vinundu. Kunata huko ndiko kunakoligandisha kwenye jani la mchicha na chini ya kucha.

Jike asiye na dume hutaga pia, ila mayai yake huwa marefu, ganda jembamba lisilokamilika, na hayaambukizi mtu.

Nikiosha mboga kwa jiki, si yatakufa?

Hayafi. Watu wa maabara huyatia makusudi kwenye dawa ya aina hiyo wanapotaka kuona vizuri kilichomo: tabaka la vinundu huyeyuka, likabaki yai laini lenye kiinitete, yaani mnyoo anayeanza kuumbika, kikiwa kizima. Kuna hata mayai yanayokuzwa ndani ya formalini iliyozimuliwa, dawa ileile ya kuhifadhia maiti! Siri ni yale mafuta ya ndani. Hewa hupenya, lakini kemikali nyingi zilizoyeyuka majini hukwama hapo. Klorini ya maji ya kunywa itie, maana inaua vijidudu vya kipindupindu. Kwa yai hili usiitegemee.

Mafuta, hata hivyo, hayapatani na moto. Joto likizidi nyuzi 60 tabaka hilo hulegea na kiinitete hufa, kwa hiyo mchicha uliochemka sufuriani hauna neno. Wasiwasi wangu ni kachumbari. Karoti imenye, nyanya isugue kwa vidole chini ya maji yanayotiririka, kotmiri itenganishe jani kwa jani. Huyaui, unayabandua tu, na hiyo inatosha. Ardhini, jua kali na ukavu huyamaliza. Kwenye udongo wenye unyevu na kivuli hukaa miaka.

Kinyesi kibichi kinaambukiza papo hapo?

Askarisi, hapana. Yai linahitaji wiki 2 hadi 4 udongoni ndipo lava, yaani mnyoo mchanga aliye ndani yake, aive. Minyoo wengine wana taratibu zao.

Kama ganda ni gumu hivyo, lava anatokaje?

Hulifungua mwenyewe kwa ndani. Yai likifika kwenye utumbo mwembamba, joto la mwili na kaboni dioksidi humwamsha, naye hutoa vimeng'enya vinavyomumunya yale mafuta na kitini. Akishatoka hutoboa ukuta wa utumbo, hupitia ini hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa tena na kurudi utumboni kukomaa. Wakati lava wako mapafuni baadhi ya watoto hukohoa na kubanwa kifua, na choo kikipimwa siku hizo hakionekani hata yai moja, kwa sababu bado hakuna jike aliyeanza kutaga.