Mhamiaji wa Malindi humpati kwa kuuliza "kwenu wapi?"

Kila nikipita Muyeye, Barani au Kwachocha, mitaa ya hapa Malindi, naona vyumba vipya vya kupangisha. Ukuta wa mawe, bati, mlango mmoja, pazia. Wengi waliomo wamehamia juzi tu. Lakini chukua majedwali ya sensa ya 2019 uwatafute watu hao kama wahamiaji: karibu wote hawaonekani. Walihesabiwa vizuri. Kilichowaficha ni mpaka na swali, na hayo mawili ndiyo nitakayoeleza hapa, kwa kuwa kazi yangu ni takwimu za watu na jambo hili linanikera sana.

Mwaka juzi tulikuwa Maweni tukifanya uchunguzi wetu mdogo kwa maswali yanayofanana na ya sensa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, na nje kwenye ua meko sita. Kwa hesabu ya sensa hizo ni kaya sita, maana kaya ni wale wanaopika pamoja na walio chini ya mkuu mmoja. Kijana wetu akamwuliza mama wa chumba cha tatu: "Mama, kwenu wapi?" Akajibu bila kusita: "Kwetu Bamba." Kijana akaandika Bamba kwenye mahali pa kuzaliwa.

Nikamwomba arudie swali. "Mama, wewe mwenyewe ulizaliwa Bamba?"

"La, mwanangu. Bamba ni kwa babu. Mie nimezaliwa Mambrui, baba alikuwa akifanya kazi kwenye chumvi kule Gongoni."

Na kabla ya kuja Maweni? Mtwapa, miaka saba. Alihama lini? Tarehe hakuwa nayo, ila alimwonyesha mwanawe aliyekuwa akivua viatu mlangoni: "Huyu alikuwa hajaanza kusimama." Mtoto alikuwa na miaka minne. Kwa hiyo mama ana miaka mitatu na kitu hapa Malindi, na ndiye hasa mhamiaji mpya ninayemtafuta.

Sasa mpeleke kwenye jedwali la kaunti. Mambrui iko Kilifi. Mtwapa iko Kilifi. Maweni iko Kilifi. Hata Bamba, ambako hakuzaliwa, iko Kilifi. Jedwali litasema mama huyu hajawahi kuhama maishani mwake.

Zamani asingepotea. Katika sensa ya 1999 Malindi ilikuwa wilaya peke yake, na aliyetoka Mtwapa, wilaya ya Kilifi, alikuwa amevuka mpaka. Katiba ya 2010 ikatuletea kaunti 47, mpaka ukawa mpana, na safari za Mtwapa, Kaloleni na Ganze kuja Malindi zikamezwa humo ndani. Kwa macho yangu, hizo ndizo safari zinazoijaza mitaa yetu ya pembezoni.

Mpaka huohuo una mtego mwingine. Wilaya ya Malindi ilikuwa na watu 281,552 mwaka 1999. Kaunti ndogo ya Malindi ilikuwa na 333,226 mwaka 2019. Nimeshawasikia watu wakiweka namba hizi mbili bega kwa bega na kusema Malindi imekua polepole. Sivyo. Wilaya ile ya zamani ilivuka mto Sabaki na kuichukua Magarini, yenye watu 191,610 mwaka 2019. Zijumlishe kwanza, upate 524,836, ndipo ulinganishe. Karibu mara mbili kwa miaka ishirini.

Kuna njia ya mkato wanayoipenda wengi: chukua ongezeko la watu, toa lile la kawaida la nchi, kinachobaki uite wahamiaji. Kenya ilipanda kutoka milioni 38.6 mwaka 2009 hadi milioni 47.6 mwaka 2019, kama asilimia 23. Kilifi ilitoka 1,109,735 ikafika 1,453,787, asilimia 31. Lamu ilitoka 101,539 ikafika 143,920, karibu asilimia 42. Kwa Lamu, yenye mashamba ya Mpeketoni na bandari mpya, kiasi hicho kinaashiria kweli kwamba watu wameingia. Kwa Kilifi siiamini njia hii, kwa sababu kina mama wa Kilifi huzaa watoto wengi kuliko wastani wa nchi, na nyongeza kubwa inaweza kuwa ya watoto waliozaliwa papa hapa.

Swali ninalolitegemea mimi ni lile la makao ya awali. Sensa ya 2009 iliuliza mtu alikuwa akiishi wapi Agosti 2008. Swali hilo halijali kwa babu ni wapi. Linamtenga pia mzee aliyezaliwa ng'ambo akaja utotoni, maana kuzaliwa mbali si kuhamia juzi. Wapemba wa pwani yetu wamevua samaki hapa vizazi na vizazi, na mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2023 wengi waliitwa wageni kwa kukosa kitambulisho tu. Sitaki hesabu yangu irudie kosa hilo.

Sampuli ya asilimia 10 ya sensa ya 2009 watafiti wanaweza kuiomba kupitia IPUMS, mradi wa Chuo Kikuu cha Minnesota unaohifadhi data za sensa. Nayo ina kikomo: huwezi kushuka hadi mtaa, na hiyo ni haki, maana usiri wa mtu lazima ulindwe. Majedwali ya kata ndogo, kwa upande wake, hutoa idadi ya watu, kaya na ukubwa wa eneo. Kwa hiyo kwa Muyeye au Barani nagawanya watu kwa kaya, na pale wastani unaposhuka chini ya majirani nashuku vyumba vya kupanga. Kisha naenda kwa miguu, namtafuta mzee wa mtaa, tunahesabu meko.

Kwa sensa ijayo ombi langu ni dogo. Majedwali ya uhamiaji yachapishwe kwa kaunti ndogo, na makarani wa pwani wafundishwe kuuliza "wewe mwenyewe ulizaliwa wapi?", neno kwa neno, wasikubali "kwetu" kama jibu.