Mwavuli haukuizamisha kampuni ya Chidambaram

Wengi wakitajiwa uhuru wa India wanamtaja Gandhi, kana kwamba kabla yake watu walikuwa wamelala. Gandhi alirejea kutoka Afrika Kusini mwaka 1915. Kufikia hapo V. O. Chidambaram Pillai, wakili wa Tuticorin katika pwani ya Watamil, kusini mwa India, alishaanzisha kampuni ya meli, akafungwa, akatoka bila kitu.

Wapo wanaosema: "Alikuwa tajiri aliyejinunulia meli." La hasha. Kampuni yake, Swadeshi Steam Navigation Company, iliandikishwa Oktoba 1906 kwa mtaji wa rupia milioni moja, uliogawanywa katika hisa za rupia 25 kila moja. Yeye alikuwa mtu wa kuzunguka akishawishi watu wanunue. Meli Gallia na Lawoe zilitoka Ufaransa mwaka 1907.

Dhana inayopendwa zaidi ni kwamba kampuni iliuawa na vita vya nauli. Kisa chenyewe ni kitamu. British India, kampuni pinzani ya meli ya Waingereza, ambayo meli zake zilikuwa zikileta barua Zanzibar tangu 1872, ilishusha nauli ya kutoka Tuticorin hadi Colombo, Sri Lanka, ikawa rupia moja. Chidambaram akashusha hadi nusu rupia. British India ikasafirisha watu bure, na juu yake ikawagawia miavuli! Lakini abiria wengi walibaki na meli za Wahindi wenzao, na kampuni ilivuka kipindi hicho ikiwa hai.

Kilichoimaliza ni jela. Mapema 1908 Chidambaram alisimama na wafanyakazi wa kiwanda cha Coral Mills, mali ya Waingereza, wakagoma na kushinda nyongeza ya mshahara. Machi mwaka huohuo akakamatwa kwa uchochezi, akahukumiwa vifungo viwili vya maisha. Rufaa ilivipunguza, ila huko gerezani Coimbatore alifungwa kwenye kinu cha kukamulia mafuta, akikizungusha juani kama ng'ombe. Huku nyuma kampuni iliyumba, ikafilisiwa mwaka 1911.

Na wanaodhani alipotoka Desemba 1912 alipokelewa kwa ngoma wanakosea pia. Waliofika langoni walikuwa wachache. Leseni ya uwakili alikuwa amenyang'anywa, akahangaika Madras kwa umaskini.

Kuna wanaosema aliwachukia Waingereza wote. Lakini leseni alirudishiwa baadaye kwa msaada wa jaji Mwingereza, E. H. Wallace, na kwa shukrani akampa mwanawe jina la Walleswaran.