Rubani Mpya, Usinunue Kiti cha Kazi

Kila kozi ya urubani inapomalizika, kitengo chetu cha mafunzo huletewa swali lilelile. Mhitimu ana leseni mkononi, ana saa zipatazo 200 za kuruka, na shirika la ndege limemwandikia kwamba nafasi ipo lakini atangulize gharama za mafunzo ya kazi. Je, alipe?

Humwomba kwanza anionyeshe barua, maana neno "mafunzo" hufunika mambo yasiyofanana hata kidogo.

Leseni ni mali yako. Viwango vya ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, vinamtaka rubani wa biashara awe na saa 200 za kuruka, au 150 akiwa amepitia kozi iliyoidhinishwa. Wengi hujilipia hatua hii, aghalabu kwa mkopo mzito, na sina ubishi nayo kwa sababu leseni hiyo utakwenda nayo kwa mwajiri yeyote.

Kisha kuna idhini ya aina ya ndege. Leseni peke yake haikupi ruhusa ya kurusha Boeing 737 au Airbus A320. Ni lazima usome mifumo ya ndege hiyo, ufanye mazoezi kwenye simuleta, yaani mashine ya ardhini inayoiga ndege, kisha ufaulu mtihani, na gharama yake mara nyingi hufika makumi ya maelfu ya dola. Utaratibu ninaouona wa haki ni mwajiri kulipia na rubani kufungwa kwa mkataba wa miaka michache, kwamba akiondoka mapema arudishe sehemu iliyobaki. Hapo kila upande una cha kupoteza. Ukijilipia bila ahadi ya ajira, hatari yote ni yako. Idhini ya A320 haitakusaidia kwa mwajiri mwenye 737 pekee, tena idhini hiyo inahitaji kuhuishwa kwa mtihani mara kwa mara, hata kama hujapata kazi.

Jambo la tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Baada ya idhini, rubani mgeni huruka safari za kawaida, zenye abiria waliokata tiketi, akiwa chini ya kapteni mkufunzi. Hii ni kazi, na yeye ndiye rubani msaidizi wa safari hiyo. Hata hivyo, wapo wanaouza kiti hicho kwa vifurushi vya saa 300 au 500. Kijana hulipa, huruka, na saa zikiisha kiti hupewa mlipaji mwingine. Soko hili linatokana na pengo lililopo kati ya saa 200 za mhitimu na saa 1,500 zinazotakiwa kwa leseni ya juu kabisa, ile ya rubani wa shirika la ndege. Mwenye njaa ya saa hushawishika kwa urahisi. Lakini mwajiri anayepata fedha kwa kila mgeni anayeketi pale ana sababu gani ya kumwajiri mtu na kumlipa mshahara?

Abiria nao wana haki ya kuuliza. Usalama wa ndege ya marubani wawili unategemea mmoja kumsahihisha mwenzake na yeyote kati yao kuweza kusema, "Nimechoka, leo siruki." Aliyelipia saa zake hupoteza fedha kwa kila safari anayoikosa. Na je, atampinga kapteni ambaye saini yake ndiyo anayoihitaji? Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, watu 50 wakafa. Kosa kubwa lilikuwa jinsi kapteni alivyoitikia tahadhari ya ndege kupoteza mwendo. Marubani wale hawakuwa wamenunua viti vyao siku ile. Hata hivyo, uchunguzi uliweka wazi uchovu wao, safari ndefu ya usiku aliyoifanya rubani msaidizi ili afike kazini, na udogo wa mshahara wake. Dhiki ya rubani huingia naye ndani ya chumba cha marubani. Marekani ilibadili sheria, na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la ndege kwa kawaida hutakiwa kuwa na saa 1,500, ingawa waliopitia baadhi ya njia za mafunzo huruhusiwa na pungufu.

Kwa hiyo, ukiletewa mkataba, tafuta kwanza mshahara unaanza lini. Ukikuta unabeba abiria bila kulipwa, usitie saini. Ikiwa unachotakiwa kulipia ni idhini ya ndege tu, ajira iandikwe katika mkataba huohuo, si katika barua ya "tutaangalia baadaye." Lipa kwa awamu, kila awamu baada ya hatua kukamilika, na ijulikane mapema fedha zitarudi vipi usipofaulu simuleta au shirika likifilisika katikati ya kozi. Wahitimu wengi huona haya kuuliza hilo la mwisho wakidhani wataonekana wakorofi. Uliza, na jibu liwe kwa maandishi.