Muda wa kuhamisha mji: maana yake kimbunga kinapokaribia

Muda wa kuhamisha mji ni idadi ya saa zinazohitajika tangu amri ya kuhama itolewe mpaka gari la mwisho litoke katika eneo la hatari. Wengi hudhani kwamba saa hizo zinapaswa kwisha jicho la kimbunga, yaani kitovu chake, linapofika nchi kavu. Sivyo, kwa sababu upepo wa kilomita 63 kwa saa hutangulia mbele ya jicho, na ukishavuma, madaraja marefu huanza kufungwa na mabasi huwa hatarini barabarani. Kikomo ni kufika kwa upepo huo, na saa ya kutoa amri hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Tuseme jicho linatarajiwa Alhamisi saa 12 jioni, upepo huo utaanza saa 12 asubuhi ya siku hiyohiyo, na mji unahitaji saa 30. Hesabu inaangukia saa 6 usiku wa kuamkia Jumatano. Kwa kuwa ni vigumu kuamsha watoto na wazee usiku wa manane ili waanze safari, na kwa kuwa familia nyingi hazifungi mizigo mpaka zimwone jirani akifunga yake, meya makini atatangaza Jumanne mchana, zaidi ya siku mbili kabla ya jicho, jua likiwa bado linawaka.

Ugumu ni kwamba saa hiyo utabiri bado haujatulia. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani huchora ramani yenye umbo la koni kuonyesha njia inayokisiwa, na jicho hubaki ndani ya koni hiyo takriban mara mbili katika kila tatu. Atakayesubiri uhakika ataupata barabara zikiwa zimeshafungwa.

Hata hivyo, kuhamisha watu kupita kiasi nako huua. Septemba 2005, wiki chache baada ya kimbunga Katrina kuharibu New Orleans, watu zaidi ya milioni mbili waliondoka Houston na maeneo ya jirani wakikimbia kimbunga Rita, wakiwemo wengi ambao nyumba zao hazikuwa katika eneo la kufurika. Magari yalikwama kwa saa nyingi katika joto kali, mafuta yakaisha, na basi lililobeba wazee wa makao ya kulelea liliwaka moto karibu na Dallas, wakafa 23. Rita yenyewe ilipinda na kutua karibu na mpaka wa Texas na Louisiana.

Ndiyo maana miji mingi ya pwani ya Marekani imegawanywa kwa kanda kulingana na kina cha maji ya bahari yanayoweza kusukumwa na upepo hadi nchi kavu. Wa mabondeni huondoka kwanza. Aliye juu, katika nyumba imara, mara nyingi huambiwa abaki asiwazibie wenzake njia.

Kuna vimbunga visivyoacha nafasi ya hesabu hiyo. Agosti 2021, Ida ilipata nguvu upesi mno, na meya wa New Orleans, LaToya Cantrell, alieleza kuwa muda haukutosha kuamuru kuhama kwa wakazi walio ndani ya kuta za kuzuia mafuriko, kwani hata mpango wa kugeuza njia zote za barabara kuu zielekee nje ya mji huhitaji maandalizi marefu. Aliyetaka kuondoka aliambiwa aondoke mara moja, na aliyebaki ajifungie ndani.