Ukimnyima mama uji, kansa haifi njaa

Juzi asubuhi, wodini hapa Moshi, nilimkuta kijana ameifunga dripu ya mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Mama ana kansa ya koo, ametoka Rombo, ana kilo 41, na usiku wa kuamkia siku hiyo sukari yake ya damu ilishuka mpaka 2.8 mmol/L, chini mno. Dripu ilikuwa ya dextrose, yaani maji ya sukari. "Shikamoo dokta. Naona mnaulisha ugonjwa," akaniambia kwa adabu kabisa. Alikuwa amesikiliza ujumbe wa sauti uliozungushwa kwenye kundi la ukoo: kansa inakula sukari, ikateni sukari, itakufa njaa. Kwa ujumbe huo mama alikuwa wiki tano hali uji, hali mtori, hata maziwa ameachishwa. Kemo yake imeahirishwa kwa sababu mwili huo kwa sasa hauhimili dozi.

Ni mgonjwa wa ngapi kwa mtindo huu, nimeacha kuhesabu. Kwa hiyo leo naandika.

Kwamba seli nyingi za kansa huvuta glukosi, yaani sukari ya damu, kwa pupa, hilo ni kweli na halina ubishi. Kipimo cha picha kiitwacho PET kimejengwa juu yake: unachomwa glukosi iliyofungwa florini yenye mionzi, na uvimbe unawaka kwenye picha. Ubongo nao unawaka. Moyo mara nyingi unawaka. Kuwaka kunakuambia seli inavuta, hakukuambii nani ameiamuru ivute, na swali lote liko hapo.

Seli ya kawaida haijilii tu kwa kuwa chakula kipo. Inangoja ruhusa. Insulini, au kichocheo cha ukuaji, inagusa kipokezi juu ya utando wa seli. Kipokezi kinaamsha PI3K, kimeng'enya kilicho ndani ya seli. PI3K inabandika fosfeti kwenye mafuta ya utando, na alama hiyo ndiyo inayoita protini nyingine, Akt. Akt ikishaamka inapandisha milango ya glukosi, GLUT1, juu ya seli, inaharakisha heksokinasi inayoifungia glukosi ndani, na inaiamsha mTOR, ambayo nayo inasukuma HIF-1 na MYC, zote protini za kuamrisha ukuaji. Mwenye kazi ya kufuta ile alama ni protini iitwayo PTEN. Sasa seli ya kansa mara nyingi imepoteza PTEN, au PIK3CA, jeni inayotengeneza PI3K, imebadilika na PI3K haizimiki tena. Kwa kansa ya matiti yenye vipokezi vya homoni na isiyo na kipokezi kingine kiitwacho HER2, mabadiliko hayo ya PIK3CA yapo kwa wagonjwa wanaokaribia 4 katika kila 10. Ruhusa inatoka mchana na usiku, na hakuna aliyeitoa.

Yule kijana nilimweleza kwa mfereji, maana kwao mlimani wanaujua. Maji yanashuka kwa zamu, kila shamba na siku yake. Mtu mmoja akivunja banio lake, lile linalozuia maji, maji yanaingia kwake saa zote, zamu ya wenzake hana habari nayo. Ukienda juu kwenye chemchemi ukapunguza maji, nani anakauka kwanza? Ni wale wa chini, waliokuwa wakingoja zamu. Aliyevunja banio bado anapata. GLUT1 inashika glukosi vizuri hata ikiwa kidogo, na seli ya kansa imeijaza kwenye utando wake.

Na chemchemi yenyewe huifungi kwa kuacha chai ya sukari. Ini linatengeneza glukosi: kutoka kwenye misuli inayovunjwa, kutoka kwenye mafuta kidogo, na hata kutoka kwenye laktiki, mabaki ya glukosi iliyovunjwa nusu, ambayo uvimbe wenyewe umeitema. Mzunguko huo wa laktiki kwenda ini na kurudi glukosi unaitwa kwa jina la Carl na Gerty Cori, waliopata Nobel mwaka 1947. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda njaa siku nyingi na sukari ya damu isiporomoke. Gharama inalipwa na nyama za mwili. Mama wa Rombo alikuwa amefika mwisho wa akiba. Ile 2.8 ilikuwa inaunyima ubongo wake, uvimbe ulikuwa ukila vilevile, tena glutamini (kipande cha protini) na mafuta pia.

Linalonichosha kuliko yote ni jina la Warburg. Kila ujumbe wa namna hii unamtaja: "Warburg alipewa Nobel kwa kuthibitisha kwamba sukari ndiyo chanzo cha kansa." Hapana. Otto Warburg, Mjerumani, kwenye miaka ya 1920 aliona kwamba vipande vya uvimbe vinageuza glukosi kuwa laktiki hata oksijeni ikiwepo. Uchunguzi huo ulikuwa sahihi na mpaka leo tunautumia. Nobel ya 1931 alipewa kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Maelezo yake, kwamba mitokondria, vinu vya nishati vya seli, imeharibika kwenye seli ya kansa na hapo ndipo kansa inapoanzia, aliyang'ang'ania hata mwaka 1956, na hayo ndiyo yaliyokataa kusimama. Kansa nyingi zina mitokondria inayofanya kazi, na zinaihitaji. Njia ya laktiki imewashwa na ishara nilizozieleza hapo juu, sukari haikuiwasha. Mtu akichukua uchunguzi sahihi na maelezo yaliyoanguka, akayaunganisha kuwa ushauri wa chakula, matokeo yake nayakuta wodini.

Lakini nisiwafiche. Vitabu tunavyofundishia vinasema seli ya kansa inachagua njia ya laktiki, inayotoa ATP (nishati ya seli) 2 kwa kila glukosi, badala ya ile ya mitokondria inayotoa 30 hivi, ili ipate malighafi ya kujengea seli mpya. Nimefundisha hivyo mwenyewe, na sasa napata shida kulisema moja kwa moja, kwa sababu sehemu kubwa ya kaboni ya glukosi hutemwa nje kama laktiki. Malighafi gani unaijenga kwa kitu unachokitupa? Huenda sababu ni kurejesha NAD+, molekuli ambayo bila hiyo kuvunja glukosi kunasimama. Isitoshe, uvimbe wa mapafu ndani ya wagonjwa wenyewe umeonekana ukichoma glukosi kwenye mitokondria, na hata ukila laktiki. Na kazi moja ya mwaka 2021, kwa panya, ilikuta seli za kinga zilizo ndani ya uvimbe, makrofaji, zikivuta glukosi kuliko seli za kansa zenyewe. Kwa hiyo hata ile picha ya PET inasimulia habari iliyochanganyika.

Metformini, dawa ya kisukari, pia naulizwa. Utafiti wa MA.32, wagonjwa 3,649 wenye kansa ya matiti na wasio na kisukari, karibu wote wanawake, ulitoa majibu mwaka 2022: haikuwasaidia kuzuia kansa kurudi.

Mahali ambapo chakula kinanitia mashaka ya kweli ni kwenye alpelisib, dawa ya kuzuia PI3K iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Inaziba ishara kwenye uvimbe, lakini inaziba na kwenye ini na misuli. Sukari inapanda, kongosho linamwaga insulini, na insulini inakwenda kuiamsha tena PI3K ile ile. Kwa panya, chakula chenye wanga kidogo sana kiliifanya dawa hiyo ifanye kazi vizuri zaidi. Chakula hicho hicho bila dawa kiliharakisha kansa ya damu kwa baadhi ya panya. Someni sentensi hiyo mara mbili kabla hamjamshauri mtu.

Soda punguzeni, na unene ushughulikieni, kwa sababu insulini iliyojaa muda mrefu inahusiana na kansa kadhaa. Hayo ni ya mtu mwenye mwili wa kupunguza. Mama wa kilo 41 asiyemeza vizuri anahitaji wanga, mafuta na protini, vyote, kwa kiasi anachoweza.

Dripu tuliifungua tena pamoja, yeye akishika kamba, mimi kibano. Jana kijana alileta mtori mwembamba kwenye chupa ya chai, na mama alikunywa vijiko tisa. Jumatatu tunampima uzito.